Kimya cha Hofu si Utulivu

Walimu kadhaa ambao hawakuweza kufika kwenye mkutano wetu wameomba wapate niliyoyasema. Nayaweka hapa yote, kama yalivyotoka kinywani.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofika, habari za asubuhi. Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nina jambo la kuungama kwanza.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na darasa lililosifiwa na kila mtu. Ungepita dirishani usingesikia kitu. Wageni wakija, mwalimu mkuu aliwaleta kwangu kabla ya kwingine kokote. Watoto 42, mikono juu ya madawati, macho ubaoni. Nami nilitembea kifua mbele, nikiamini kwamba darasa nimelishika.

Siku moja nilikuwa napita kati ya madawati huku nikieleza hesabu za sehemu, nikaona kipande cha chaki kwenye dawati la mvulana mmoja wa safu ya pili. Nikanyoosha mkono nikichukue. Yule mtoto akafumba macho, akainamisha kichwa, akajikinga sikio kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki palepale juu ya daftari, umeshika kalamu, maana hata katika hofu ile hakuthubutu kuacha kuandika. Hakuwa amekosa. Hakuwa amesema neno. Mimi nilikuwa nafuata chaki.

Darasa zima liliona. Hakuna aliyecheka na, walimu wenzangu, hakuna aliyeshangaa. Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Kwa watoto wale lilikuwa jambo la kawaida kwamba mkono wa mwalimu ukija, unajikinga.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali ile nimekua nayo, lakini sikuwahi kuingia nayo darasani. Mle mwangu kimya kilikuwa kingi, na mshindo ulikuwa ukipiga ndani ya vifua vya watoto 42 kila nilipoinua mkono.

Kwa hiyo leo nimekuja na neno moja. Kimya si utulivu. Mtoto ananyamaza kwa sababu ametulia, na mtoto ananyamaza kwa sababu anaogopa, na ukiwa mlangoni huwezi kuwatofautisha. Wape swali ndipo utawajua. Aliyetulia ataliwaza swali. Anayeogopa atauwaza uso wako.

Hofu hufanya nini ndani ya mtoto? Tusilijibu kwa huruma peke yake, kwa sababu wapo wenzetu watakaosema huruma haifundishi hesabu. Tulijibu kwa mwili.

Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Cannon alieleza namna mwili unavyojiandaa unapoona hatari. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi yake. Mwili unajiweka tayari kupigana au kukimbia. Nawauliza, kuna mwili unaojiandaa hivyo ili utoe 19 kwenye 47?

Itazameni hesabu hiyo. Mtoto anaona 7 haiwezi kutoa 9. Anaazima kumi. Anapaswa kukumbuka kwamba 4 sasa imekuwa 3, huku bado anashika kwamba 17 toa 9 ni 8, huku bado anajua aandike wapi. Mambo matatu yamekaa akilini kwa pamoja, na meza ya akili ya mtoto ni ndogo. Sehemu ya ubongo inayobeba kazi hiyo iko mbele, nyuma ya paji la uso, na hiyohiyo ndiyo inayomsaidia kujizuia na kupanga. Ndani zaidi kuna sehemu nyingine ndogo yenye umbo kama la lozi, inaitwa amigdala, na hiyo ndiyo kengele ya hatari. Kengele ikilia kwa nguvu, ile ya mbele inazidiwa. Unasimama juu ya kichwa cha mtoto na rula mkononi, unasema "Fikiri! Fikiri!", na kumbe umechukua kile anachofikiria nacho.

Najua mnachotaka kuniambia. Nimeambiwa mara nyingi, na nimewahi kukisema mwenyewe. "Mwalimu, sisi tulichapwa, tukatukanwa, na tumesoma."

Ni kweli tumesoma. Lakini angalieni ukumbi huu umejaa nani. Tumekaa hapa tuliobaki. Yule jirani yako wa dawati aliyeacha shule kwa sababu tumbo lilimuuma kila kipindi cha hesabu hakualikwa kwenye mkutano wa walimu. Tukihesabu mavuno, tuhesabu na mbegu iliyooza.

Halafu kuna jambo la kale sana ambalo linajibu sehemu ya hoja hiyo. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walifundisha panya kuchagua kati ya njia mbili, na kila wakikosea waliwapiga shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali ziliwaharakisha. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali ziliwachelewesha, wakajifunza vizuri zaidi kwa shoti dhaifu. Mtoto si panya, na wala siyapendi majaribio yale. Lakini naona kitu ambacho kila mwalimu hapa amekiona kwa macho yake. Hofu inaweza kumfanya mtoto afagie haraka, apange mstari haraka, akariri haraka. Mpe insha, mpe fumbo la hesabu, mpe jambo la kuwaza, hofu ileile inamfunga.

Na msinitajie samaki mkunje angali mbichi. Naikubali methali hiyo kwa moyo wote. Ila samaki mbichi hukunjika kwa sababu ni laini. Anayemkausha kwanza kisha akamkunja, anamvunja.

Nije kwenye sauti.

Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo leo linaitwa kwa jina lake: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Haamui, inamtokea. Sasa tia jambo hilo darasani. Watoto wananong'ona, mwalimu anapaza sauti ili asikike. Watoto nao, ili wasikizane juu ya sauti ya mwalimu, wanapaza zao. Mwalimu anapiga kelele. Anagonga meza. Kufika saa sita koo limekauka, na darasa lina kelele kuliko asubuhi. Nani aliyezipandisha?

Nilijifunza dawa yake kwa bahati. Niliugua mafua, sauti ikakatika kabisa, na sikuwa na mtu wa kunishikia vipindi. Nikaingia hivyohivyo. Nikaandika ubaoni, "Leo sina sauti, nisaidieni." Nikasimama mahali pamoja. Nilipotaka kusema, niliinua kiganja, nikangoja, kisha nikanong'ona. Watoto waliinama mbele kunisikiliza. Walioko nyuma waliwaambia wenzao, kwa kunong'ona vilevile, "Nyamazeni, mwalimu anasema." Siku tatu nilifundisha kwa mnong'ono, na sikuwahi kusikilizwa vile. Sauti iliporudi niliamua isirudi yote.

Lakini tusiwabebeshe walimu peke yao. Kuna kelele ambazo mwalimu hawezi kuzizima. Katika miaka ya 1970 watafiti walipima usomaji katika shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Madarasa ya upande wa reli yalisimama kila treni ilipopita, na ya upande wa pili yaliendelea. Jengo lilelile, shule ileile. Watoto wa darasa la sita wa upande wenye kelele walikuwa nyuma karibu mwaka mzima katika kusoma. Baadaye reli ikawekewa mpira na madarasa yakawekewa dari la kunyonya sauti, na walipopima tena, tofauti ile haikuonekana. Watoto wale hawakuwa wazito. Walikuwa wanakatizwa. Nyinyi wa kamati za shule, mnapopanga madarasa, mnajua ni lipi liko karibu na barabara, au mashine, au uwanja wa michezo? Na mnawaweka humo akina nani? Mara nyingi sana ni wadogo wanaoanza kusoma.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kosa. Mtoto akikosea mbele ya wenzake, kinatokea nini darasani mwako?

Nilikuwa na msichana aliyekuwa na kigugumizi. Mwerevu sana katika kuandika. Kipindi cha kusoma kwa sauti kilikuwa kinakwenda kwa zamu, dawati kwa dawati, aya kwa aya. Kila kipindi, zamu ikikaribia, alinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilimwona mkwepaji. Siku moja nikamkatalia. Siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona kitabu chake. Pembezoni mwa ukurasa alikuwa ameweka vidoti vidogo vya penseli, kimoja kwa kila aya, na kidole chake kilikuwa kwenye kidoti cha tisa. Alikuwa amehesabu vichwa vya waliomtangulia, akaijua aya itakayomwangukia, na midomo yake ilikuwa inaipitia bila sauti, tena na tena, ikikwama kwenye neno lilelile. Wenzake wanane walikuwa wanasoma hadithi. Yeye hadithi ile hakuisikia. Kipindi kizima alikuwa anangoja hukumu.

Zamu ikafika. Alikwama kwenye neno la kwanza. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata watatu, halafu ikawa zomeazomea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema, "Haya kaa, aendelee mwingine." Nilidhani namwokoa. Nilichowaambia watoto wote ni kwamba kuzomea kunafanya kazi, na asiyeweza huondolewa.

Baada ya hapo nilibadili mambo machache. Kusoma kwa zamu ya madawati niliacha kabisa. Watoto wanasoma wawiliwawili kwanza. Atakayesoma mbele ya wote anajua tangu jana na anakwenda na kitabu nyumbani. Na kila mtoto ana haki ya kusema "napita" mara moja katika kipindi, bila kueleza sababu. Niliambiwa wataitumia haki hiyo vibaya. Wiki ya kwanza waliitumia sana. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wanaisahau. Mtu akijua mlango uko wazi, hakai akiutazama.

Kuhusu kucheka jibu, hapo nina ukali na sitauondoa. Darasani kwangu tunacheka mengi, tunacheka sana, lakini jibu la mtu halichekwi. Anayecheka nasimamisha somo. Sifoki. Naandika lile jibu lililochekwa ubaoni, nauliza, "Aliyejibu hivi aliwaza nini? Nani anaiona njia aliyopita?" Mkijaribu mtashangaa. Aliyesema nusu jumlisha nusu ni mbili ya nne amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kuna akili humo. Imepita barabara isiyo yake.

Na tungoje, ndugu zangu. Tungoje! Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwasikiliza walimu darasani na akakuta kwamba baada ya kuuliza swali, kwa kawaida wanangoja sekunde 1 tu au chini ya hapo, kisha wanamrukia mwingine au wanajibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde 3, majibu ya watoto yakawa marefu zaidi, "sijui" zikapungua, na waliokuwa hawajitokezi wakaanza kujitokeza. Sekunde 3! Tungoje pamoja hapa tuone ni muda gani. Moja. Mbili. Tatu. Mmeona ni ndefu? Mwalimu akiwa mbele anaiona kama saa nzima. Kwa mtoto anayetafuta neno, ndiyo kwanza mlango umefunguliwa.

Jambo la utaratibu nitalipitia upesi, kwa sababu wengi wenu mnalifanya. Mtoto ambaye hajui nyumbani leo kutakuwaje anahitaji kujua darasani kutakuwaje. Ratiba ya siku iandikwe ubaoni, pembeni, kila asubuhi. Kukiwa na mabadiliko, waambieni mapema. Simameni mlangoni kabla ya kipindi cha kwanza, muwaite kwa majina wanapoingia. Ndiyo mahudhurio ya kweli yanapochukuliwa. Hapo ndipo unaona nani ana macho mekundu, nani hajalala, nani amevimba shavu na anageuza uso.

Sasa, mtoto akilipuka?

Mvulana mmoja alipindua dawati. Kosa lilikuwa dogo, mwenzake aligusa mfuko wake. Dawati chini, wino umemwagika, daftari la mwenzake limechanika, na yeye amesimama katikati, ngumi zimekazwa, anahema. Zamani ningemshika kola nimtoe nje mbele ya wote. Siku hiyo nilitembea polepole, nikasimama ubavuni pake, si usoni. Nikawaambia wengine waendelee na zoezi la nne. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Niko hapa. Hatuzungumzi sasa." Basi. Nikaanza kupumua taratibu, navuta kidogo, natoa kwa muda mrefu. Pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo hupungua. Ndivyo mwili ulivyoumbwa. Sikumwambia apumue. Nilipumua mimi. Mabega yake yalishuka baada ya dakika kadhaa, nikampeleka kwenye kiti cha pembeni.

Tulizungumza saa ya mapumziko, alipokuwa na ubongo wake wote. Nilimwuliza, "Ulisikia nini mwilini kabla ya kusukuma dawati?" Akasema, "Masikio yalikuwa ya moto." Sasa ana jina la kitu kile. Tukapatana kwamba masikio yakianza moto anaweka daftari lake jekundu juu ya dawati, nami namruhusu akae pembeni bila maswali.

Na wasikie wale wanaosema huku ni kudekeza: dawati alilisimamisha mwenyewe. Wino aliufuta mwenyewe. Daftari lililochanika alilinakili upya, kurasa zote, na akamwomba mwenzake msamaha. Utulivu hauondoi mpaka. Mwaka 1989 mataifa yaliandika katika Mkataba wa Haki za Mtoto, ibara ya 28, kwamba nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Nidhamu imo humo. Na utu umo.

Mnaweza kuuliza kama mwalimu mmoja anaweza kuwa na uzito wowote kwa mtoto ambaye mambo ya nyumbani yamemharibikia. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti wakiongozwa na Emmy Werner waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Kati ya wale waliokulia katika shida nyingi, umaskini, ugomvi, wazazi wagonjwa, karibu theluthi moja walikua watu imara, wenye kujiweza na wenye upendo. Walikuwa na nini? Mambo kadhaa, lakini mojawapo lilijirudia. Alikuwepo walau mtu mzima mmoja aliyewakubali bila masharti. Bibi, shangazi, jirani. Na mara nyingi, mwalimu.

Wakuu wa shule, neno kwenu, na naomba mlipokee kwa heshima ninayowapa. Mwalimu aliyekaripiwa uwanjani mbele ya wanafunzi saa moja asubuhi hawezi kuingia darasani saa moja na nusu akawa kivuli cha kuwapumzisha watoto. Atakachopewa ndicho atakachogawa. Mkiwa na jambo naye, mwiteni ofisini, mfunge mlango.

Yule mvulana wa chaki nilimwita kesho yake. Sikujua niseme nini, maana katika miaka yote ya kusoma kwangu sikuwahi kumsikia mwalimu akimwomba mtoto radhi. Nilisema, "Jana nilinyoosha mkono nichukue chaki, na wewe ukaogopa. Umeogopa kwa sababu nimekuzoesha. Nisamehe." Alitazama viatu vyake muda mrefu. Nikangoja. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, leo naweza kuuliza lile swali la sehemu?" Alikuwa nalo tangu wiki iliyopita.

Chini ya viti vyenu kuna karatasi ndogo na penseli. Naomba kila mmoja aandike jina la mwanafunzi mmoja ambaye wiki hii hukumwita kwa jina isipokuwa kwa kumkaripia, au hukumwita kabisa. Jina moja. Usilionyeshe kwa mtu, litie mfukoni, uende nalo Jumatatu hadi mlangoni pa darasa. Wazazi nanyi, andikeni la mtoto wenu mmoja. Tuna dakika mbili. Hakuna haraka, nawangoja.